Barua, kesha, barabara au bunduki: Mkristo ashike ipi mbele ya mtawala dhalimu?

Mwezi wa saba 2024, vijana wa kanisa letu hapa Nairobi walinijia na swali ambalo sisi wazee wa kanisa tulikuwa tumelizunguka kwa wiki kadhaa. Tarehe 25 Juni polisi walikuwa wamewapiga risasi waandamanaji huko Bungeni, kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi Mswada wa Fedha, na kanisani kila mtu alikuwa na lake. Wapo waliotaka tufunge na kuomba, basi. Wapo waliokuja na rasimu ya waraka mfukoni. Kwaya ilitaka kushuka mjini na majoho yake. Na kijana mmoja mpole, asiyewahi kugombana na mtu, aliuliza kwa sauti ya chini kama kweli Biblia inamkataza mtu kushika silaha hata mbele ya serikali inayoua.

Sikuwa na mahubiri ya kuwapa. Tulichofanya ni kuziweka njia hizo bega kwa bega, kila moja na mahali Wakristo walipoijaribu, tukauliza: ilileta nini, nani alilipa, na walioianza walikuwa na nini mikononi? Ninayoandika hapa ni mazungumzo yale, pamoja na nyongeza zangu.

Kuna kosa la kusahihisha kabla ya kulinganisha. Watu wakisikia Mkristo halipizi kisasi, huelewa Mkristo hunyamaza. Wakunga wa Waebrania, Shifra na Pua, hawakumwinulia Farao mkono. Lakini alipowaamuru wawaue watoto wa kiume hawakuwaua, na walipoitwa wajieleze walimpa jibu la kijanja akabaki nalo. Aliyegeuza shavu la pili naye hajakimbia. Bado amesimama palepale, anatazamana na aliyempiga. Na Warumi 13, sura ya kutii mamlaka ambayo wanasiasa wetu wanaijua kwa moyo hata kama hawajui nyingine, imetanguliwa na mstari huu: "Usishindwe na ubaya, bali uushinde ubaya kwa wema." Anayeambiwa ashinde ameshaambiwa yuko vitani.

Barua mbili

Nianze na barua kwa kuwa ndiyo wazee hupenda, mimi nikiwamo. Inaonekana ya heshima, haina vumbi. Lakini tazama barua mbili na mwisho wake.

Uganda, Februari 1977. Usiku wa tarehe 5 askari wa Idi Amin waliivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum kule Namirembe wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu wa Anglikana wakamwandikia Amin barua ya wazi kabisa kuhusu uvamizi huo na kuhusu watu waliokuwa wakiuawa na kupotea. Tarehe 16 Luwum na viongozi wenzake wa dini waliitwa Kampala, wakasomewa tuhuma za njama mbele ya umati wa wanajeshi, na yeye akabakizwa. Siku iliyofuata redio ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Hakuna mtu mzima aliyeiamini ajali ile.

Malawi, Machi 1992. Kamuzu Banda alikuwa madarakani tangu uhuru wa 1964 na alishatangazwa rais wa maisha. Viongozi saba wa Kanisa Katoliki wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona walitayarisha waraka wa Kwaresima, wakauchapisha kimyakimya, na Jumapili ya tarehe 8 ukasomwa katika parokia zote za nchi. Ulisema mambo ambayo kila Mmalawi aliyajua na hakuna aliyethubutu kuyatamka: pengo la matajiri na maskini, shule na hospitali zilizochoka, mahakama zisizoaminika, hofu ya kusema. Maaskofu waliitwa na kuhojiwa na polisi kwa saa nyingi. Katika mkutano wa chama tawala kulitokea watu waliosema wazi kwamba hawa wauawe. Mmoja wa wale saba, Monsinyori John Roche, raia wa Ireland, alifukuzwa nchini. Lakini wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kuwaunga mkono, Mei wafanyakazi wakagoma, wafadhili wakazuia misaada, na tarehe 14 Juni 1993 karibu theluthi mbili ya wapiga kura waliukataa mfumo wa chama kimoja. Mei 1994 Banda akashindwa uchaguzi.

Kwa nini barua moja ilimletea mwandishi kifo na nyingine ikamwondoa rais wa maisha? Mimi naona tofauti kubwa iko kwenye anwani. Barua ya Uganda ilikwenda kwa mtawala, nakala kwa wakubwa wengine. Ya Malawi iliandikiwa waumini, ikasomwa asubuhi moja kwa sauti moja, na ilipotoka mimbarini ilikuwa imeshafika kila kijiji. Ungemkamata nani ili isirudi midomoni mwa watu? Tofauti ya pili ni ya watawala wenyewe, na ni haki kuisema. Banda alikuwa akiishi kwa misaada na alijali machoni pa wafadhili anaonekanaje. Amin wa 1977 hakuwa na wa kumwonea haya.

Kenya yetu iko katikati ya hizo mbili. Miaka ya themanini maaskofu wa Anglikana Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari, na Mchungaji Timothy Njoya, walisema mengi, hasa baada ya uchaguzi wa mlolongo wa 1988, watu walipopangwa foleni nyuma ya mgombea na mahali pengine foleni fupi ikatangazwa mshindi. Ila kila mmoja alisema kwa zamu yake, na kila mmoja alijibiwa peke yake. Agosti 1990 waziri Peter Okondo alimwonya Muge kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge akaenda, akahubiri, na tarehe 14, njiani kurudi, akafa katika ajali ya barabarani. Okondo alijiuzulu. Dereva wa lori alifungwa. Maswali hayakufungwa.

Kwa hiyo vijana walipouliza kuhusu rasimu yao niliwauliza nami: sahihi ngapi? Ya kwetu peke yetu, au ya makanisa yote ya eneo, siku moja? Ikiwa ni ya kwetu tu, na anwani ni ofisi ya mkubwa, mimi ningeiacha mfukoni.

Kesha

Hii ndiyo njia ninayoijua kwa karibu zaidi, na nakiri ninaipendelea.

Tarehe 28 Februari 1992 akina mama kadhaa, wengi wao wazee kutoka mashambani, waliketi kwenye kona ya Uhuru Park hapa Nairobi na kuanza mgomo wa kula. Wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa. Orodha yao ilikuwa na majina 52. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao, na miongoni mwa akina mama alikuwamo Monica Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere, mmoja wa wafungwa hao. Hawakuwa na chama, hawakuwa na fedha. Walikuwa na mablanketi, nyimbo za tenzi na mishumaa. Watu wakaanza kuja kusikiliza, na jioni baada ya jioni waliokuwa wameteswa vizuizini wakasimama kusimulia hadharani yaliyowapata, jambo ambalo Nairobi ya wakati ule haikuwahi kulisikia mchana kweupe.

Tarehe 3 Machi polisi walifika na virungu na vitoza machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya wale mama walivua nguo mbele ya askari vijana. Kwa msomaji asiye wa huku: mama wa umri huo akikuonyesha uchi wake kwa makusudi, amekulaani, na askari wale walilelewa wakijua hivyo. Wengi wao waligeuza nyuso. Wachungaji hubishana hadi leo kama kitendo kile kilikuwa cha Kikristo. Mimi sijui kitabu kinachowapa askari kinga ya aibu.

Kisha likafuata tendo ambalo husahaulika. Kanisa kuu la All Saints lililo jirani liliwafungulia mlango, wakiongozwa na msimamizi wake, Peter Njenga. Mama wale wakaingia chini ya kanisa wakidhani ni kwa siku chache. Walikaa karibu mwaka mzima. Polisi walilizunguka kanisa, wakafunga njia, wakatisha. Mama walilala mle, wakapika mle, wakaomba mle. Mwanzoni mwa 1993 wafungwa wengi wa ile orodha walikuwa wameachiliwa, Koigi akiwa mmojawapo.

Ukisoma Luka 18, mjane anayemwendea kadhi asiyemcha Mungu wala kujali watu hamshindi kwa hoja. Anamchosha. Kadhi anasema mwenyewe kwamba anatoa hukumu ili mwanamke huyu asizidi kumsumbua. Kesha ni hivyo. Halihitaji umati. Linahitaji watu wachache wasio na haraka, mahali penye uzito ambapo kuvamia kunamwaibisha mvamizi, na mtu wa ndani atakayefungua mlango na kuendelea kuufungua mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi, hata baraza la kanisa likilalamika kuhusu bili ya maji.

Lina udhaifu wake. Ombi lake lazima liwe dogo na la kuhesabika: majina haya, mtu huyu, kesi hii. Kesha la kudai utawala bora litawachosha wakeshaji wenyewe. Na mahali penye vita vya waasi linaweza kubaki ishara tu. Gulu, kaskazini mwa Uganda, Juni 2003, Askofu Mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake wa dini, Wakristo na Mwislamu, walilala usiku kadhaa nje pamoja na watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kuja mjini ili wasitekwe na waasi wa Joseph Kony. Dunia iliwatazama wale watoto kwa mara ya kwanza. Vita vilikwisha siku ileile? Hapana, viliendelea miaka.

Barabara

Maandamano ni kesha lenye miguu, na tofauti yake kubwa ni kwamba huwezi kuchagua nani anajiunga. Kesha la watu 12 unawajua wote. Maandamano ya watu 10,000 yana mwenye jiwe mfukoni, na mara nyingine amelipwa kulibeba.

Kinshasa wameijaribu njia hii kanisani kuliko mji wowote ninaoujua. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo walitoka misani na rozari, Biblia na nyimbo wakidai Rais Mobutu aruhusu Kongamano Kuu la Taifa, mkutano wa kupanga mageuzi ya kisiasa, lifunguliwe tena, baada ya waziri mkuu wake kulifunga mwezi uliotangulia. Askari walifyatua risasi na makumi ya watu waliuawa. Aprili kongamano likafunguliwa. Robo karne baadaye, Kamati ya Uratibu ya Walei ikaita tena: 31 Desemba 2017, 21 Januari na 25 Februari 2018, wakimtaka Joseph Kabila atamke kwamba hatagombea tena. Serikali ilizima intaneti, vitoza machozi vikarushwa hadi viwanja vya makanisa, watu wakauawa tena, akiwemo mwanaharakati Rossy Mukendi. Agosti 2018 Kabila akamtaja mtu mwingine awe mgombea. Waliloomba walilipata. Lakini uchaguzi ulipofanyika Desemba, maaskofu wenyewe, waliokuwa na waangalizi elfu 40, walisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na waliyoyaona. Barabara inaweza kumzuia mtu. Kujenga kitakachofuata ni kazi ya aina nyingine.

Vijana wetu walidhani maandamano ni kujitokeza. Niliwasimulia Nashville, Marekani. James Lawson, mchungaji wa Methodisti aliyekuwa amekaa India, aliwafundisha wanafunzi weusi mwaka 1959 katika chumba cha chini cha kanisa. Walifanya mazoezi kama ya tamthilia: mmoja anaketi, wenzake wanamtukana, wanamsukuma, wanamwangusha kitini, naye anajifunza kukinga kichwa bila kurudisha ngumi. Ambaye hakuweza aliambiwa bila lawama abaki na kazi nyingine. Februari 1960 wakaanza kuketi kwenye meza za migahawa ya wazungu. Walichomwa sigara, wakakamatwa, wakaendelea kwa zamu. Mei meza zile zikafunguliwa. Miezi ya mazoezi ilitangulia, na sehemu hiyo hatuioni kwenye picha. Sisi tulitaka kushuka Jumanne, na ilikuwa Jumapili.

Bahasha

Hii haikuwa katika orodha ya vijana. Niliiongeza mimi, na walicheka. Ni kukataa pesa. Mfano wake ulikuja baada ya kikao chetu: Novemba 2024 Rais alifika kanisa moja la Katoliki la Soweto hapa Nairobi akaacha mchango wa zaidi ya shilingi milioni 2, wa kwaya na nyumba ya padri, na kuahidi zaidi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza pesa zirudishwe. Hakuna aliyepigwa kirungu. Gharama ni nyumba ya padri iliyokosa mchango ule. Kati ya njia zote hii ndiyo ya bei nafuu, na inafaa kutangulia nyingine: waraka wa kanisa lililoezekwa na mtawala unasomwaje?

Bunduki

Nilimwahidi yule kijana mpole kwamba sitaliruka swali lake.

Aliyemwondoa Amin hakuwa askofu. Ni jeshi la Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, lililoingia Kampala Aprili 1979, na aliyelituma ni Julius Nyerere, Mkatoliki wa kwenda misa. Anayesema kwamba silaha haijawahi kuondoa dhuluma awaambie hivyo Waganda wa siku ile. Lakini tulimwomba kijana atazame pia miaka iliyofuata: kupinduana, uchaguzi wa 1980 uliobishaniwa, vita vya msituni vya Luwero, vita vya kaskazini. Aliyefika Kampala kwa bunduki Januari 1986, Yoweri Museveni, bado yuko Ikulu.

Mtu ninayemwona mkweli kuliko wote katika jambo hili ni Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mhubiri wa kanisa la Kongregesheni na rais wa ANC, chama kilichopinga ubaguzi wa rangi. Mwaka 1952 serikali ilimwambia achague kati ya ANC na uchifu wake wa Groutville. Akakataa kuchagua, akavuliwa uchifu. Baada ya watu 69 kuuawa Sharpeville Machi 1960 aliichoma hadharani pasi yake, kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba. Desemba 1961 alipokea Tuzo ya Amani ya Nobel kule Oslo. Siku chache baada ya hapo, tarehe 16, mabomu ya kwanza ya kikosi cha silaha cha Umkhonto we Sizwe yakalipuka, yakiongozwa na watu wa chama chake mwenyewe. Luthuli hakuigeuka imani yake. Na bado Mandela na wenzake walipohukumiwa kifungo cha maisha Juni 1964, alisema kwamba hakuna anayeweza kuwalaumu mashujaa waadilifu kwa kutafuta haki kwa njia ya nguvu, baada ya milango yote kufungwa. Yeye hakushika silaha, wala hakuwatupia jiwe walioishika. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Ujerumani aliyenyongwa Aprili 1945 kwa kuhusika na njama dhidi ya Hitler, alikwenda mbali zaidi, lakini hakuliita tendo lake takatifu. Aliona anabeba hatia na kumwachia Mungu hukumu.

Kwa wapenda hesabu: watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walipima kampeni 323 za kupinga tawala na ukaliaji wa kigeni, kati ya 1900 na 2006. Zisizo na silaha zilifaulu asilimia 53, zenye silaha 26. Ukitaka kuwa mkweli, soma na upande wa pili: karibu nusu ya zile za amani hazikufaulu kikamilifu. Sikumpa kijana hesabu hiyo kama jibu. Nilimwambia kwamba bunduki hairudi ghalani yenyewe, na kwamba watu wa kwanza kulipa hawatakuwa yeye wala Bunge. Watakuwa mama wa mtaa wake, nyumba ambazo askari watazipekua usiku.

Tulivyochagua

Mtu anayetaka kuchagua asianze na njia anayoipenda. Ahesabu alicho nacho. Kama mna umoja wa makanisa na mtawala anayejali anaonekanaje, andikeni, lakini muwaandikie watu. Kama hamna umoja ila mna shida moja yenye jina la mtu, kesheni. Kama mna umati na miezi ya kuunoa, shukeni barabarani. Mkiwa na umati bila mazoezi, mtawaazimisha watu wenu kwa yeyote mwenye jiwe. Bahasha mnaweza kuikataa Jumapili hii.

Vijana walihesabu. Makanisa jirani yaliyokuwa tayari kutia sahihi: moja. Waliofanya mazoezi ya kupigwa bila kupiga: hakuna, ingawa mpiga ngoma wa kwaya alisema yeye ana ndugu wakubwa watatu. Lakini kulikuwa na jina. Kijana wa mtaa wetu alikuwa amechukuliwa na watu waliovaa kiraia, wiki ilikuwa inakwisha, na mamake alikuwa ameketi nasi kwenye kikao kile tangu mwanzo bila kusema neno. Wakili mmoja wa kanisa alijitolea. Akina mama wa umoja wao wakasema mablanketi yapo, chai ipo, zamu wataipanga wenyewe.

Kila mtu akatugeukia sisi wazee. Ufunguo wa ukumbi ulikuwa mfukoni mwangu.